Je, Foto ya Kichwa Inaweza Kuona Ubongo Unaoanza Kuwaka?



Mwaka huu, kabla ya likizo ya Pasaka, sisi makapita tuliandika jina la mwenzetu mmoja mara tatu katika daftari la nidhamu. Kosa lake lilikuwa lile lile: kulala darasani. Mara ya kwanza alilala katika somo la jiografia, mara ya pili katika somo la Kifaransa, na mara ya tatu alilala akiwa amesimama ubaoni, chaki mkononi, na darasa zima likacheka. Alikata majani nyuma ya madarasa siku tatu. Watu wa nyumba anamokaa walianza kunong'ona kwamba ni mambo ya ulozi. Sisi tulisema ni uvivu. Jina lake hatutalitaja hapa, lakini yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia.

Likizo ilipofika alipanda mtumbwi wa mota akaenda kwao, upande wa Isangi. Juma lile lile kikundi cha waganga wa malale kilifika kijijini na pikipiki zao. Walichoma kidole cha kila mtu, wakapima damu, wakapapasa shingo. Yeye alikuwa na tezi nyuma ya shingo, laini, zinateleza chini ya kidole kama maharagwe yaliyopikwa. Wakatoa maji kidogo katika tezi moja, wakayatia chini ya mikroskopi, na wadudu walikuwa wanacheza ndani. Malale, ndiyo ule ugonjwa wa usingizi.

Aliporudi shuleni amepona, tulimzunguka chini ya mwembe. Mmoja wa seksio ya kemia akamuuliza: "Na balikupiga foto ya kichwa?" Akajibu: "Hapana. Balinichoma sindano mu mugongo, bakatosha maji, bakahesabu." Yule wa kemia akatikisa kichwa: "Basi ni dawa ya bamasikini. Kule Ulaya wangeona bongo yako yote kwa televizio." Wengi walikubaliana naye, na sisi pia, kusema kweli. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa anapita. Akasema: "Mkitaka kubishana, kwanza mjifunze." Basi tulijifunza, tukasoma tulichopata, tukauliza waganga wawili. Haya ndiyo tuliyopata, na yule wa kemia ameyasoma kabla ya kupigwa chapa.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Mkijikata na panga mguuni, kesho yake kidonda kinakuwa na joto, kinakuwa chekundu, kinavimba na kinauma. Mwili unawaka juu ya kupigana na uchafu ulioingia. Mishipa midogo ya damu inafunguka, maji yanapita, chembe nyeupe za damu zinatoka mshipani na kwenda vitani. Katika mguu kila mtu anayaona hayo kwa macho. Lakini ubongo umefungiwa ndani ya mfupa. Hakuna anayeuona mwekundu wala kuugusa kama una joto. Tena ubongo wenyewe hauna mishipa ya kusikia maumivu. Unaweza kuchomwa bila kulia. Uvimbe ukiwa mkubwa, mtu anatapika, anapoteza fahamu, na hata mtoto mdogo atajua kuna hatari. Uvimbe ukiwa mwepesi, mtu anabadilika tabia kidogo, anasahau, anakasirika bure, anasinzia. Basi watu wanamwita mvivu na kumpa kisu cha kukatia majani.

Katika malale mambo yanakwenda hivi. Mbung'o anamuuma mtu na kumwachia mdudu mdogo sana aitwaye tripanosoma. Huku kwetu Kongo ni yule wa aina ya gambiense, anayekwenda polepole. Kwa miezi, hata miaka, mdudu anakaa katika damu na katika tezi. Hicho ni kipindi cha kwanza: homa inayokuja na kwenda, kuumwa kichwa, mwili kuwashwa. Kisha anapita ukuta unaotenga damu na ubongo. Ukuta huo si mfano wa maneno tu, upo kweli: chembe za mishipa ya ubongo zimebanana sana, hata dawa nyingi hazipiti. Mdudu akishapita, chembe nyeupe zinamfuata, na ubongo unaanza kuwaka. Hicho ni kipindi cha pili. Saa ya mwili inaharibika. Tulishangaa kusoma ya kwamba mgonjwa wa malale halali masaa mengi kupita watu wengine. Usingizi wake umevunjika vipande vipande, mchana kidogo, usiku kidogo. Mwenzetu ametuambia ya kwamba usiku alikuwa anatembea uani peke yake hadi jogoo linawika. Sisi makapita tulikuwa tunamwona mchana tu.

Sasa tuje kwenye foto.

Ile foto ya kawaida ya lupitalo, ambayo sisi huita radio, inaonyesha mifupa. Ubongo kwake ni kama ukungu. Mwaka 1971, huko London, mtu wa kwanza aliwekwa katika mashini ya Godfrey Hounsfield iitwayo skaneri, inayopiga radio nyingi kwa kuzunguka kichwa na kuziunganisha kwa kompyuta. Skaneri inaona damu iliyomwagika, inaona uvimbe mkubwa, inaona kichwa kilichojaa maji. Mwako mwepesi inaupita bila kuuona.

Mashini inayoona zaidi ni I.R.M. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao juu yake. Hii haitumii miali ya radio ile. Inatumia sumaku. Sumaku ya I.R.M. nyingi za lupitalo ina nguvu ya Tesla 1.5, yaani karibu mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Mwili wetu una maji mengi, na kila tone la maji lina hidrojeni, na kiini cha hidrojeni ni kama sindano ndogo ya dira. Ndani ya sumaku, viini hivyo vinajipanga. Mashini inavipiga kwa wimbi la radio, kama la sauti ya Okapi lakini bila muziki, navyo vinayumba. Wimbi likikoma, vinarudi mahali pao, na katika kurudi vinatoa mlio ambao mashini inausikiliza.

Wale wenzetu Walokele watatuelewa upesi. Ukipiga ngoma ya lokole, sauti haifi mara moja, na namna inavyokufa inategemea ubao wenyewe. Ngoma kavu na ngoma iliyolala mvuani hazisemi sawa, hata akipiga fundi yule yule. I.R.M. inasikiliza jinsi mlio wa maji unavyokufa katika kila sehemu ya ubongo. Mahali palipovimba pana maji ya ziada, na mlio wake unakawia kufa. Kompyuta inachora hapo doa jeupe. Ndiyo sababu I.R.M. ni nzuri sana kwa uvimbe.

Lakini tufikiri sawasawa. Kama mwako ni mwepesi, kuna chembe nyeupe chache tu zimejipanga kando ya mshipa mwembamba kuliko unywele. Maji ya ziada ni kidogo sana. Ngoma inasikika kama siku zote. Foto inatoka safi, na mganga anaweza kusema "huna kitu" kwa mtu ambaye ubongo wake umeanza kuwaka. Wagonjwa wachache wa malale waliotibiwa Ulaya walipigwa I.R.M., na kwa wengine yalionekana madoa meupe ndani sana ya ubongo. Lakini doa jeupe halina jina. Magonjwa mengi yanachora doa la namna hiyo, na foto haiwezi kusema: huyu ni tripanosoma, yule ni mwingine.

Wataalamu hawakukata tamaa. Walitafuta njia mbili za kuilazimisha foto iseme zaidi.

Njia ya kwanza ni kupima ukuta. Mama zetu wakitaka kujua chungu kama kinavuja, hawakitazami tu, wanakitia maji na kungoja. Waganga wanamtia mgonjwa mshipani madini yaitwayo gadolini. Kama ukuta wa ubongo ni mzima, gadolini inabaki katika damu. Kama ukuta una nyufa, inapenya, na mahali hapo panang'aa katika I.R.M. Katika mji wa Glasgow, Scotland, wataalamu wa malale walifanya hivyo kwa panya walioambukizwa tripanosoma, na habari zake zilitangazwa mwaka 2011. Siku ya 28 ya ugonjwa, mng'ao katika ubongo wa panya wagonjwa uliongezeka karibu 27 kwa mia; kwa panya wazima uliongezeka karibu 6 tu. Kwa hiyo ukuta ulikuwa unavuja, na foto iliona. Lakini walipokata ubongo wa panya hao na kuutazama chini ya mikroskopi, kiasi cha kuvuja hakikulingana na wingi wa chembe zilizoingia. Maana yake, foto ilijibu swali la nyufa. Swali la mwako lilibaki.

Njia ya pili ni kuwatafuta askari wenyewe. Ubongo una walinzi wake, chembe ziitwazo mikroglia. Wakati wa amani zimetulia na mikono yake imetandazwa. Adui akiingia zinaamka, zinanenepa, na ndani yake inaongezeka protini moja ambayo wataalamu huiita kwa herufi nne, TSPO. Basi wanatengeneza dawa inayoshika protini hiyo, wanaifunga na kaboni yenye miali, wanamchoma mgonjwa sindano, na mashini iitwayo TEP inaonyesha mahali dawa ilipojikusanya. Hapo kweli mnaona mwako ambao I.R.M. ya kawaida hauioni. Kwa kusoma tu, tulifurahi sana.

Kisha tulisoma ukurasa uliofuata. Kaboni ile, iitwayo kaboni 11, nguvu yake inapungua nusu kila baada ya dakika 20. Lazima itengenezwe katika mashini kubwa iliyo karibu kabisa na kitanda cha mgonjwa. Toka Kisangani mpaka Isangi ni zaidi ya kilometa 100 kwa mto. Kwa dakika 20 mtumbwi wa mota haujamaliza hata kupanga abiria. Tena, hata kule iliko mashini, majibu yanachanganya: protini ile haikai katika mikroglia peke yake, imo pia katika chembe nyingine na katika kuta za mishipa. Na kuna watu ambao wamezaliwa na protini yenye umbo tofauti kidogo, dawa nyingi mpya za kupimia hazishiki vizuri kwao. Kwa hiyo watu wawili wenye mwako sawa wanaweza kutoa foto mbili zisizofanana. Wataalamu wanaitumia hasa katika utafiti. Si kitu cha kumwambia mgonjwa mmoja: wewe ni mgonjwa, wewe si mgonjwa.

Basi turudi kwa sindano ya mgongo, ile ambayo tuliiita dawa ya maskini.

Ubongo unaogelea katika maji safi kama ya chemchemi, na maji hayo yanashuka katika uti wa mgongo. Ubongo ukiwaka, chembe nyeupe zinadondoka katika maji hayo. Mganga anachoma chini kabisa ya mgongo, pasipo na hatari ya kugusa uti wenyewe, anapokea matone machache, anayaweka katika kioo chenye mistari na kuhesabu. Mtu mzima ana chembe chache mno. Zikipita 5 katika milimita mchemraba moja, na mdudu amekwisha kuonekana mwilini, inasemwa ubongo umeguswa. Chembe 6! Hakuna foto duniani inayoweza kuona chembe sita. Mikroskopi ya kijijini, iliyowekwa juu ya meza ya kanisa na kumulikwa na jua, inaziona.

Kwa nini watu walihangaika na hesabu ndogo namna hii, 5 au 6? Hapo ndipo tulipoacha kucheka. Dawa ya kipindi cha kwanza, pentamidini, haiingii vya kutosha katika ubongo. Kwa kipindi cha pili, tangu mwaka 1949, watu walitibiwa kwa melarsoproli, na hiyo ina arseniki, sumu ya panya. Inachoma mshipa kama moto, na karibu mtu mmoja kati ya 20 waliotibiwa aliuawa na dawa yenyewe. Sasa fikirini mganga ameketi na kioo chake. Akisema "ubongo haujaguswa" naye amekosea, anampa mgonjwa pentamidini, mgonjwa anarudi nyumbani anafurahi, na baada ya miezi analetwa amefungwa kamba kama kichaa. Akisema "umeguswa" naye amekosea, anamtia sumu mtu ambaye hakuihitaji. Maisha yalining'inia juu ya kuona mwako mwepesi, kwa hesabu ya chembe tano. Na waganga wawili wakihesabu maji yale yale hawakupata sikuzote hesabu moja.

Habari hii si ngeni katika mji wetu. Mwaka 1904, Joseph Dutton na mwenzake John Todd, waliotumwa na shule ya tiba ya Liverpool juu ya malale, walikuwa hapa hapa, wakati ule ikiitwa Stanleyville. Dutton ndiye aliyempa jina mdudu wa gambiense. Hapa walifuata pia homa ya kupe, wakaonyesha jinsi kupe anavyoileta, na wote wawili waliugua. Dutton alikufa Kasongo mwezi wa pili wa mwaka 1905. Baadaye, mwaka 1920, mganga mwanamke wa Marekani, Louise Pearce, alijaribu dawa ya triparsamidi kwa wagonjwa wa Léopoldville. Ilikuwa na arseniki nayo, na iliweza kuharibu macho, lakini iliufikia ubongo. Na mwaka huo huo wa 1920 mganga wa misioni ya Wabatisti, Clement Chesterman, alifika Yakusu, hapo chini ya mto, mahali ambapo wengi wetu tumekwenda kwa mikutano ya vijana. Alitumia triparsamidi, lakini zaidi ya dawa, alifundisha vijana wa hapa kuwa wauguzi na kuwaweka katika zahanati za vijiji, ili ugonjwa utafutwe kwa watu wote na siyo kungojwa kitandani. Malale ilipungua sana katika eneo lile. Wauguzi wale hawakuwa na foto yoyote. Walikuwa na vidole vya kupapasa shingo, sindano na mikroskopi.

Ugonjwa ulirudi wakati zahanati zilipoanguka na vita vikaja. Mwaka 1998 nchi yetu peke yake iliandika wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Toka hapo kazi ya vikundi vya kupima ilianza tena, na mwaka 2018 Afrika nzima ilikuwa na chini ya 1,000 walioandikwa. Nayo sumu ya arseniki imeachwa. Kwanza ikaja, mwaka 2009, dawa ya kutundikiwa mara 14 kwa siku saba pamoja na vidonge. Kisha ikaja feksinidazoli, vidonge tu, siku 10, kumeza baada ya kula. Ilijaribiwa hasa hapa Kongo, katika kazi iliyoongozwa na Daktari Victor Kande, na nchi yetu iliikubali mwisho wa mwaka 2018.

Na hapa kuna jambo ambalo kwa sisi lilikuwa jipya kuliko yote. Feksinidazoli inafanya kazi katika damu na katika ubongo pia. Kwa hiyo lile swali la kutisha, chembe 5 au 6, limepoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Mganga anamwuliza mgonjwa, anamtazama anavyotembea na anavyosema. Kama hakuna dalili za ubongo kuharibika sana, anaweza kumpa vidonge bila kumchoma mgongo. Sindano inabaki kwa wenye dalili, na kwa watoto wadogo ambao vidonge hivyo havijaruhusiwa kwao. Zikipatikana chembe 100 au zaidi, mgonjwa anapewa ile dawa ya kutundikiwa, sababu vidonge havitoshi vizuri. Mwenzetu alichomwa juu alikuwa anachanganya maneno. Chembe zake zilipita 5, hazikufika 100. Akameza vidonge siku 10, na mama mdogo wake alimpikia muhogo na samaki kila asubuhi ili asimeze na tumbo tupu. Kwa miaka mingi watu walitafuta jicho kali zaidi la kuona mwako mwepesi. Kumbe kwa malale msaada ulitoka upande mwingine, katika dawa isiyodai jicho kali namna hiyo.

Je, basi foto haina kazi kwetu? Hatusemi hivyo, na yule wa kemia alitukumbusha tuwe na haki. Tazameni malaria ya kichwa, ambayo kila jamaa hapa Kisangani inaijua. Katika lupitalo kubwa la Blantyre, Malawi, Daktari Terrie Taylor na wenzake walipata I.R.M. mwaka 2008. Kwa miaka mingi watu walikuwa hawajui kwa nini mtoto mmoja wa malaria ya kichwa anaamka na mwingine anakufa, wote wawili wakiwa wamepewa dawa ile ile. Waliwapiga foto watoto 168, wakatangaza mwaka 2015. Kati ya watoto 25 waliokufa, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya sana. Kati ya 143 waliopona, 39 tu. Ubongo uliovimba unabanwa na fuvu, unasukuma chini mahali panapoongoza pumzi, na mtoto anaacha kupumua. Hapo foto ilionyesha kitu ambacho sindano isingeonyesha kamwe. Lakini angalieni, ni uvimbe mkubwa. Kwa uvimbe mkubwa foto ni bwana.

Tena mashini zinaanza kushuka kwa watu. Sumaku za Tesla 1.5 nyingi zinapozwa kwa heli iliyo baridi ya digrii 269 chini ya sifuri, na umeme usikatike. Sisi tunaokaa karibu na maporomoko ya Tshopo na kusoma kwa mshumaa, hatuna haja ya kuelezwa neno hilo. Lakini kule Mbarara, Uganda, si mbali na mpaka wetu, Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mbarara, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha I.R.M. ndogo kwa vipande, hapo hapo, kwa siku 11. Ina sumaku za kawaida zisizohitaji heli, na nguvu yake haifiki hata sehemu ya ishirini ya zile kubwa. Foto zake zina ukungu. Zimekusudiwa watoto wenye maji kichwani, na kwa kazi hiyo ukungu si kizuizi kikubwa. Mwako wa chembe sita hazitauona. Kwa huo bado tutahitaji kidole shingoni, mikroskopi, na mtu anayejua kuhesabu.

Tuongeze neno moja kwa makapita wa madarasa mengine. Tuliuliza mganga mmoja kama kila anayesinzia apelekwe kupimwa malale. Alicheka. Wengi wanasinzia kwa njaa, kwa malaria, kwa kusoma usiku, kwa filimu za jirani. Lakini kama mtu amesinzia majuma mengi, ana homa inayorudi, kichwa kinamuuma, usiku hapati usingizi, na ametoka au amepita vijiji vya mtoni kwenye mbung'o, basi mpapaseni nyuma ya shingo na mwambieni mwalimu kabla ya kumwandika. Kupimwa na kutibiwa malale hakulipiwi.

Mwenzetu atarudi kupimwa baada ya miezi sita, na tena baadaye, mpaka miaka miwili itimie, sababu mdudu anaweza kujificha. Darasani sasa anakaa kiti cha mbele. Juma lililopita tulikwenda kwa mwalimu wa nidhamu kuomba jina lake lifutwe katika daftari. Alikubali. Lakini tuliandika kwa biki nyeusi, na mpira haukufuta kitu. Tukachora mstari juu ya mistari mitatu, na pembeni tukaandika: "Alikuwa mgonjwa."